RANGI YA KIZIMBA CHA GARI LA MASHINDANO

Mhariri wa gazeti letu ameniomba somo la sayansi kwa muhula huu, akasema lisiwe somo la ubaoni tu. Nimechagua jambo ambalo kwanza laweza kuonekana kama anasa: namna ya kuchagua rangi ya kizimba cha chuma kilichomo ndani ya gari la mashindano, na namna ya kuipaka. Wazazi wengine watauliza shule ya serikali hapa Ruvu ina habari gani na magari ya mashindano. Nawaomba wavumilie kidogo. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu ndio walioniletea swali hili, na baada ya kulifuata kwa majuma kadhaa nimeona kwamba ndani yake mna kemia, mna hesabu, na mna uhai wa watu wawili.

Kwanza tukijue kizimba chenyewe. Gari la mashindano huendeshwa mbio katika njia za vumbi, mawe na matope, na mara nyingine hubingirika. Paa la gari la kawaida ni bati jembamba, nalo likilaliwa na uzito wa gari zima laweza kubonyea juu ya vichwa vya walio ndani. Kwa sababu hiyo mafundi huchomelea ndani ya gari mabomba ya chuma yaliyopindwa: upinde mmoja mkubwa nyuma ya viti, mengine yakifuata nguzo za kioo cha mbele, mengine yakipita juu ya vichwa na ubavuni milangoni. Gari likibingirika, ni mabomba haya yanayobeba uzito, na dereva na msomaji wa njia hukaa salama katikati. Mafundi wengi hukiita keji. Mimi nitasema kizimba, maana kuku wa Mlandizi wanalijua neno hili tangu zamani.

Mchezo huu si mgeni katika nchi zetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano makubwa ya Afrika Mashariki, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalikuwa yale yale ya kuuzwa madukani, hata yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544. Mashindano hayo siku hizi hufanyika Kenya peke yake, na mwaka 2021 yalirudi katika orodha ya ubingwa wa dunia, yakiwa na makao yake Naivasha. Kwetu Tanzania mbio za namna hii zimepata kufanyika Bagamoyo, Morogoro na Iringa. Na gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa barabara kuu hupita Kibaha na Mlandizi. Ndivyo wanafunzi wetu walivyoliona moja juu ya lori, milango wazi, ndani mabomba meusi yanang'aa kama viatu vya gwaride. Swali walilokuja nalo darasani lilikuwa fupi: kwa nini wamepaka nyeusi?

Nikawaambia kwamba kabla ya kuuliza rangi gani, yatupasa kuuliza rangi inafanya kazi gani. Wengi walijibu mara moja: kuzuia kutu. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu.

Tuanze na nusu hiyo. Kutu haipatikani ila chuma kikikutana na maji na oksijeni pamoja. Kimoja kikikosekana, hakuna kutu. Chumvi haianzishi kutu peke yake, lakini huiharakisha sana, maana maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kwa hakika ni kazi ya umeme mdogo unaopita katika uso wa chuma. Sisi wa Ruvu hatuhitaji kwenda mbali kuiona. Nchi yetu hii imejaa chuma. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikivuka mto wetu. Na tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya hupita papa hapa zikichukua abiria. Mabomba ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hupeleka maji Dar es Salaam. Chuma chote hiki hukaa katika hewa yenye unyevu wa pwani, na kila asubuhi umande hukilowesha bila kuomba ruhusa.

Sasa tazama hesabu ya kizimba. Kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, zataka mabomba ya chuma cha kaboni yasiyo na mshono, yaliyovutwa yakiwa baridi. Upinde mkuu usipungue kipenyo cha mm 45 na unene wa ukuta wa mm 2.5, au kipenyo cha mm 50 na ukuta wa mm 2. Mabomba mengine makubwa yasipungue mm 38 kwa mm 2.5, au mm 40 kwa mm 2. Kwa hiyo ukuta wa bomba ni mm 2 tu, yaani kama unene wa sarafu. Kutu ikila nusu milimita, robo ya ukuta imekwenda. Reli ina chuma kingi cha kupoteza. Bomba la kizimba halina. Na mahali linapooza kwanza ni miguuni, pale bomba linaposhika sakafu ya gari, kwa sababu matope na maji ya kuoshea gari hutuama hapo.

Wazazi wanaodhani jambo hili haliwahusu waende uwanjani kwetu wakatazame miguu ya goli. Ni mabomba vilevile, nayo hulika kwa namna ile ile, usawa wa ardhi, mahali ambapo majani huficha. Goli la chuma likimwangukia mtoto laweza kumwua. Kadhalika vigingi vya tangi la maji, viti vya basi, na fremu ya kubebea mizigo juu ya gari. Ninayoyasema juu ya kizimba yafaa kwa hayo yote, isipokuwa machache.

Nusu ya pili ya kazi ya rangi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Chuma kilichochomelewa kikitikiswa mara elfu nyingi huchoka, na uchovu wake huanza kwa ufa mwembamba kuliko unywele, mara nyingi kando kabisa ya mshono wa kuchomelea, pale ambapo joto la moto liliibadili hali ya chuma. Ufa huo hukua kidogo kidogo. Mkaguzi akiuona mapema, mshono utachomelewa upya na watu watarudi nyumbani. Asipouona, utaonekana siku gari litakapobingirika. Basi rangi imekaa katikati ya ufa na jicho la mkaguzi. Rangi moja itamwonyesha, nyingine itamficha.

Hili si wazo langu. Wahandisi wanaojaribu nguvu za mihimili ya chuma katika maabara wamekuwa wakiipaka chokaa kabla ya kuipakia mzigo. Chokaa haivutiki. Chuma kikianza kunyooshwa kupita kiasi chake, chokaa hubanduka mahali hapo hapo, na mhandisi huona kwa macho yake mistari ya mahali chuma kilipozidiwa. Chokaa ile ile ya kupakia kuta zetu na mashina ya miembe! Rangi nyembamba na nyeupe juu ya kizimba hufanya kazi inayofanana na hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Tulifanya jaribio letu. Tulikata vipande vinne vya chuma bapa, tukavisafisha sawasawa, kisha tukapaka kila kimoja kwa namna yake. Cha kwanza kilipata rangi nyeupe nyembamba juu ya rangi ya chini ya kijivu. Cha pili kilipata nyeusi ya kung'aa. Cha tatu kilipata nyeupe juu ya rangi nyekundu ya chini, ile mafundi waiitayo redoksaidi. Cha nne tulikipaka rangi nzito ya lami ambayo hupakwa chini ya magari. Vilipokauka tulivibana katika jiliwa na kuvikunja huku na huku mpaka chuma kilipoanza kupasuka lakini bila kukatika, kisha tukavitundika nje nyuma ya maabara wakati wa masika. Najua kwamba kukunja kwa jiliwa ni kukali kuliko mtikisiko wa barabara, kwa hiyo sisemi jaribio hili ni hukumu. Lakini lilikuwa na mafunzo.

Kipande cheupe juu ya kijivu kilionyesha mstari wa kahawia uliosomeka hatua kadhaa kutoka ukutani. Cheusi kilikuwa na ufa uleule, lakini hatukuuona mpaka mwanafunzi mmoja alipomulika tochi kwa upande na kupitisha ukucha. Kile cha lami ndicho kilichotutisha. Uso wake ulikuwa mzima kabisa, mororo, bila alama. Lakini tulipokwangua, chini yake chuma kilikuwa kimepasuka. Lami ilikuwa imevutika juu ya ufa kama ngozi ya ngoma.

Kipande cha tatu kilileta ubishi ambao sikuutazamia. Ulikuwapo mstari wa kahawia, lakini wanafunzi wawili walishindana kama ni kutu au ni ile rangi nyekundu ya chini iliyochungulia katika mkwaruzo. Wote wawili walikuwa na haki ya kubisha, maana redoksaidi imepakwa rangi na oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu yenyewe. Ni rangi nzuri ya chini kwa mageti na mapaa, wala siishutumu. Ila kwa kizimba naona yafaa kuiacha na kuchukua rangi ya chini ya kijivu yenye fosfeti ya zinki, ili kila cha kahawia kitakachoonekana kiwe na maana moja tu.

Nilikwenda kuzungumza na fundi mmoja wa Mlandizi ambaye amechomelea vizimba viwili vitatu. Yeye alishikilia nyeusi.

"Mwalimu," aliniambia, "nyeusi haionyeshi uchafu. Mwenye gari anafurahi."

"Fundi, mimi nataka uchafu uonekane."

Alicheka, akaniambia kwamba mwenye gari ndiye anayelipa, si mwalimu. Hapo alikuwa na neno. Lakini aliongeza jambo jingine lililonifaa: rangi nyeupe ya kung'aa karibu na kioo cha mbele hurudisha jua machoni pa dereva. Basi tulikubaliana, kila mtu akitoa kidogo, kwamba kijivu cheupe kisichong'aa ndicho chema, na kwamba mabomba mawili ya kando ya kioo cha mbele ndiyo hasa yasing'ae. Hata hivyo, rangi isiyong'aa kabisa hushika vumbi na ni taabu kuiosha. Ile ya kung'aa kidogo, kama ganda la yai, yatosha.

Sasa aina ya rangi. Rangi ya maji ya kupakia nyumba isipakwe juu ya chuma kitupu, maana ndani yake mna maji, na madoa ya kutu hutokea kabla haijakauka. Rangi ya unga, inayopulizwa kwa umeme kisha kuokwa katika tanuri kwa joto la karibu nyuzi 180 hadi 200, ni ngumu na nzuri kwa viti na madirisha. Lakini kizimba kikishachomelewa ndani ya gari hakiingii tanurini, na rangi hiyo ni taabu sana kuiondoa siku utakapotaka kuchomelea upya. Wengine huona fahari kung'arisha mabomba kwa kromu. Hilo ni baya kuliko yote. Katika kuoshwa kwa asidi na kupitishwa umeme, hidrojeni yaweza kuingia ndani ya chuma, hasa kilicho kigumu, ikakifanya kivunjike ghafula bila kupinda kwanza, nacho kizimba kazi yake ni kupinda pole pole. Yako mashindano yanayokataza kromu kwa sababu hiyo.

Hubaki rangi mbili. Moja ni ile ya magari ya kuchanganywa na hadna. Ni imara, hustahimili petroli, hukauka upesi. Lakini katika hadna za rangi nyingi za namna hiyo mna dawa ziitwazo isosayaneti, na mvuke wake ukivutwa waweza kumletea mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani si kinga, wala kinyago cha vumbi. Mpulizaji hasa anahitaji hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kwa hiyo siiruhusu katika karakana ya shule, na nawasihi wazazi walio na vijana katika gereji wawaulize wenye gereji jambo hili waziwazi. Ya pili ni rangi ya mafuta ya kawaida, ya kupakwa kwa brashi, ambayo duka lolote la Kibaha laweza kukuuzia. Haina nguvu kama ile, na petroli huilainisha. Lakini ni nyembamba, hupasuka pamoja na chuma, hukwanguliwa kwa urahisi, na kiraka chake hupakwa kwa nusu saa. Mimi nimeichagua hiyo. Usomapo kopo, hakikisha haina risasi. Zamani madaraja na mageti mengi yalipakwa rangi yenye risasi, na ndiyo sababu rangi kuukuu usiyoijua haifai kupigwa msasa mkavu mbele ya watoto.

Kabla ya kupaka, muulize mwenye kizimba kimetengenezwa kwa bomba gani. Ninasema hivi kwa sababu rangi hufunika mengi. Wako watu wanaotumia mabomba ya maji yenye zinki, maana ni rahisi na yanapatikana. Mabomba hayo hayakutengenezwa kwa kazi hii, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humletea fundi homa na baridi usiku ule ule. Yakishapakwa rangi, ni nani atakayeyatambua? Katika mashindano mengine wakaguzi hutaka pachwe tundu dogo katika bomba ili wapime unene wa ukuta. Mpakaji aliache tundu hilo wazi, asilizibe kwa puti. Na puti isitumike popote juu ya kizimba, hata kama mshono una sura mbaya. Mshono mbaya na uonekane.

Katika kupaka, kazi kubwa ni kusafisha. Ondoa kwanza viti na mikanda ya usalama, usiifunike tu, maana tina na tapentaini zaweza kuudhoofisha mkanda bila kuacha alama. Kisha piga mishono kwa nyundo ndogo na brashi ya waya hadi magamba ya kuchomelea yatoke yote. Gamba moja likibaki, rangi itabanduka hapo kwanza. Halafu futa mafuta. Mabomba yaliyovutwa baridi hutoka kiwandani yakiwa na mafuta, na ukianza na msasa kabla ya kufuta utayasugua mafuta yale yaingie katika mikwaruzo. Tumia tapentaini na vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine kikavu cha kuondoa, ukivibadilisha mara kwa mara. Baadaye piga msasa, namba 80 penye kutu na namba 180 penginepo, mpaka chuma kiwe na rangi moja ya kijivu bila kung'aa. Futa tena vumbi. Tangu hapo usikishike kwa mikono mitupu. Jasho lina chumvi, na alama za vidole zaweza kutokea kama kutu chini ya rangi baada ya miezi.

Chuma kilichosafishwa hakingoji. Usipige msasa jioni ukapaka asubuhi. Katika hewa yetu hii utakuta kimeshapata wekundu. Asubuhi mapema nako si kuzuri, kwa kuwa chuma kilipoa usiku, na hewa yenye unyevu ikikigusa huacha umande usioonekana. Wapakaji wa madaraja na meli hutaka chuma kiwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Shuleni hatuna vipimo vyote hivyo, lakini iko njia ya kienyeji iliyo nzuri: pangusa sehemu ya bomba kwa kitambaa chenye maji kidogo, utazame saa. Ikikauka yote katika dakika 15, paka. Isipokauka, ngoja. Kwetu saa njema ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, kivulini, na siku za masika ni afadhali kazi iahirishwe.

Paka mishono kwanza, peke yake, kwa brashi ndogo, ukiisukuma rangi iingie kila pembe, maana rangi ikikauka hukimbia ncha na kuacha utando mwembamba. Kisha paka bomba zima, kwanza kwa kuzunguka, halafu umalizie kwa urefu, na tazama upande wa chini ambako machozi ya rangi hukusanyika. Kwa upande usioonekana, tumia kioo cha kunyolea. Mabomba yaliyo karibu na paa ndiyo taabu. Mafundi wazuri hutoboa sakafu ili kizimba kishushwe, waweze kuchomelea juu pande zote kabla ya kukipandisha. Hapo ndipo mpakaji aitwe, si baada ya gari kufungwa. Matundu ya skrubu za mikanda na mahali waya wa umeme unaposhika chuma pafunikwe kwa utepe, pasipakwe.

Ni rangi kiasi gani? Wanafunzi wa hesabu walifanya hivi. Tuseme upinde mkuu una mita 5 za bomba la mm 45, na mabomba mengine yote ni mita 25 ya mm 40. Uso wa upinde ni 3.14 × 0.045 × 5, yaani karibu mita za mraba 0.71. Mengine ni 3.14 × 0.04 × 25, yaani 3.14. Jumla ni 3.85. Lita moja ya rangi ya mafuta hupaka karibu mita za mraba 10, basi mkono mmoja wahitaji lita 0.385, ongeza inayopotea katika brashi, sema nusu lita. Mkono mmoja wa rangi ya chini na mikono miwili ya juu ni lita moja na nusu tu. Utando wote ukikauka hautazidi sana unene wa karatasi moja ya daftari, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, nao utakuwa na uzito usiofika kilo moja, hali mabomba yenyewe yana karibu kilo 60. Mtu asikwambie basi kwamba aacha rangi ili gari liwe jepesi. Na mtu asiongeze mkono wa tatu na wa nne kwa kupenda uzuri. Kila mkono unaozidi humfunga mkaguzi macho kidogo.

Kati ya mkono na mkono ngoja siku nzima, kisha pitisha msasa namba 320 kwa wepesi. Madirisha yote yawe wazi na moto uwe mbali. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta visirundikwe pembeni, kwa sababu rangi hiyo hukauka kwa kuvuta oksijeni na kutoa joto, na lundo la vitambaa laweza kuwaka lenyewe usiku. Viloweshe katika ndoo ya maji kwanza, kisha vianikwe nje kimoja kimoja.

Kanuni zataka mabomba yaliyo karibu na vichwa yavikwe pedi isiyoshika moto, maana hata kichwa chenye helmeti hakipendi kugongana na chuma. Pedi zisifungwe mpaka juma moja lipite, kwani rangi ya mafuta huonekana kavu ikiwa bado laini ndani. Nashauri zifungwe kwa vibanio vya plastiki vinavyokatwa, si kwa gundi, ili ziweze kuvuliwa wakati wa ukaguzi.

Na ukaguzi ufanywe baada ya kila mashindano. Osha kizimba, kikaushe, chukua tochi, anza miguuni, fuata kila mshono kwa zamu, jicho na ukucha pamoja. Mkwaruzo wa jiwe huwa na kingo pana na chini yake kijivu. Huo usafishwe na upakwe kiraka. Mstari mwembamba wa kahawia unaofuata kando ya mshono ni jambo jingine. Hapo rangi ikwanguliwe mpaka chuma kitupu kionekane, aitwe mchomeleaji na mkaguzi, na gari lisitoke. Rangi iliyobaki ifungwe katika kopo dogo lililojaa mpaka juu ili hewa isiikaushe, liandikwe tarehe, likae karakanani kwa ajili ya viraka.